Cheti cha Fidelis

Kompyuta ya kituo cha pweza cha Kilwa Masoko ilikuwa na tabia moja ambayo Batuli aliipenda kuliko tabia za watu wengi wa mji ule. Ikikataa jambo, inasema kwa nini. Binadamu akitaka kukukatalia atakwambia bosi katoka, njoo kesho, mtandao unasumbua. Kompyuta inakuandikia sababu yake kwa kirefu, ingawa kwa Kiingereza cha kiburi ambacho mtu inabidi akisome mara mbili, ya pili kwa sauti.

Asubuhi ya kwanza ya bamvua, bahari inapokupwa kuliko siku zote, kompyuta iliandika jambo ambalo Batuli hakuwahi kuliona. Alilisoma, akalifasiri palepale kwa faida ya Mzee Huseni, msimamizi wa kituo, aliyekuwa mlangoni anapiga mswaki.

"Inasema seva ya Dar imeleta cheti cha kujitambulisha kilichotolewa na mtu isiyemjua. Inauliza iache au iendelee tu."

"Iendelee," alisema Mzee Huseni, akatema povu nje. "Kompyuta inataka kujuana na watu ili iweje? Ipime pweza."

Kompyuta haikuwa inapima pweza, mizani ndiyo iliyopima, lakini hilo Batuli aliliacha lipite. Programu waliyotumia iliitwa Pima. Kila pweza aliyepita mizanini aliandikwa humo, uzito wake na jina la mama aliyemleta, na Pima ikapeleka taarifa ofisi kuu Dar es Salaam kupitia dishi lililofungwa juu ya paa. Taarifa ikifika, lori la barafu linaruhusiwa kuondoka Dar. Isipofika, lori linalala. Bosi aliweka sheria hiyo baada ya madalali kumchezea kwa simu, huyu anajifanya kituo cha Kilwa, yule anajifanya cha Lindi, na malori yanasafiri kwenda kusalimia minazi. Tangu ushirika wa zamani ufe na soko kuwa huria, kila mwenye jokofu na shemeji Dar alikuwa mnunuzi wa pweza, na wanunuzi hawakupendana hata kidogo.

Na lori la siku ile Batuli alilihitaji kuliko malori yote yaliyotangulia. Kabla ya bamvua alikuwa amevuka mwenyewe kwenda Kisiwani, kwa mama yake mdogo Bi Ziada, akawakusanya kina mama wanaowinda pweza mwambani maji yakipwa, akawaomba wamwache Pazi, mchuuzi waliyemuuzia miaka yote. Wakamwuliza, barafu ikikosekana? Akajibu mbele ya wote kwamba barafu ni juu yake, pweza wakiharibika wamfuate yeye, wasiifuate kampuni. Walimwelewa vizuri mno. Sasa walikuwa wanapanda kutoka bandarini na mabeseni kichwani, bamvua limewapa kuliko kawaida, na majokofu ya kituo yalikuwa yameshajaa pweza wa Songo Songo walioletwa alfajiri. Lori lisipotoka Dar leo, pweza wa Kisiwani wataoza, na Batuli hatakuwa na uso wa kuvukia tena kwenye kijiji alichozaliwa.

Ungedhani mtu wa namna hiyo angebonyeza "endelea" kwa mikono miwili. Lakini Batuli alikuwa mdadisi tangu utoto. Kwenye chuo cha Kurani alimwuliza maalimu "kwa nini" mara nyingi hivi kwamba maalimu alimpa likizo peke yake. Kando ya vile vitufe viwili aliona maneno madogo yanayomwalika atazame cheti chenyewe, naye hakuwa mtu wa kukataa mwaliko.

Kikafunguka kidirisha. Kimetolewa kwa: ofisi kuu ya kampuni. Kimetolewa na: ofisi kuu ya kampuni.

"Mzee Huseni, hebu njoo uone. Kimejitambulisha chenyewe."

"Ni vibaya?"

"Si vibaya. Ajabu tu."

Akaenda kwenye mipangilio ya Pima, sehemu ya usalama, kwenye orodha ya vyeti ambavyo programu inaviamini. Kilikuwa kimoja tu, na tarehe yake ya mwisho ilikuwa jana. Hapo akaelewa nusu ya mambo. Cheti cha zamani kimekufa, kipya kimeshawekwa Dar, na Pima ya Kilwa haijatambulishwa kwake. Nusu ya pili, yaani huyu mpya ni nani hasa, ndiyo iliyomkalisha kwenye kiti.

Aliyekiweka kile cha zamani alikuwa Fidelis, fundi wa kompyuta wa ofisi kuu. Alikuja Kilwa mwenyewe na basi, vumbi la kipande kibovu cha Ndundu hadi Somanga likiwa limemgeuza rangi. Fidelis alikuwa Mmakonde wa Newala. Baba yake Batuli alikuwa Mmwera wa Ruangwa. Basi ni watani, na utani wa makabila yale si wa kuuombea ruhusa. Siku ya kwanza alipoingia ofisini aliuliza nani kamkalisha Mmwera mbele ya mashine, mashine itaambukizwa. Batuli akamwambia ajipanguse kwanza, asije akaambiwa ni gunia la muhogo akawekwa stoo. Tangu hapo kila simu yao ilianza kwa matusi na kuishia kwa kazi, na Mzee Huseni, ambaye hakuwa na mtani ofisini, alikuwa akiwaonea wivu kidogo.

Fidelis ndiye aliyemweleza. Cheti kile ni cha nyumbani, alisema. Wapo wakubwa wa dunia wanaouza vyeti, na kompyuta zinatoka dukani zikiwa zimeshafundishwa kuwaamini, lakini bosi hakutaka kusikia habari zao. Kwa hiyo nimetengeneza chetu. Ubaya wake ni kwamba mtu yeyote anaweza kutengeneza cheti akakipa jina la kampuni, hata wewe Mmwera siku ukijua kusoma. Usiangalie jina. Angalia huu mstari. Akamwonyesha mstari mrefu wa tarakimu na herufi, zimekaa mbilimbili. Cheti kikiguswa hata nukta, mstari wote unabadilika. Siku nikileta kipya nitakupigia nikusomee mstari wake. Na usisomewe na mtu usiyemjua.

Kituo kimoja cha kusini walimcheka Fidelis kwa maneno hayo. Mwaka uliopita walikutana na swali kama hili la leo, wakabonyeza "endelea tu". Kilichokuwa upande wa pili hakikuwa ofisi kuu. Kiliwajibu "imepokelewa" kwa adabu zote, nao wakakaa kungoja lori mpaka pweza wakawa uji. Nani aliwafanyia vile, halijajulikana mpaka leo.

Batuli alikuwa bado anautazama mstari wa cheti kipya simu ya kituo ilipolia. Namba ngeni.

"Habari za asubuhi, dada Batuli. Samahani sana kwa usumbufu. Naitwa Alex, nipo ofisi kuu, upande wa kompyuta. Nimekutumia cheti kipya kwa barua pepe. Naomba ukiweke kwenye Pima, tafadhali, ili taarifa zako zitufikie."

Barua pepe ilikuwepo, na faili ndani yake. Batuli akalifungua bila kuliingiza popote, akaomba asomewe mstari. Alex alisoma taratibu, kwa sauti ya mtangazaji, B ya Bukoba, D ya Dodoma, akingoja aambiwe ndiyo kila baada ya herufi mbili. Zililingana zote, kuanzia mwanzo mpaka mwisho.

"Nashukuru," alisema Batuli. "Fidelis yuko wapi?"

"Fidelis ana udhuru kidogo, dada."

"Udhuru gani?"

"Ni mambo yake binafsi. Nisingependa kuyaingilia."

Batuli akamwambia atampigia, akakata. Mzee Huseni alikuwa amesimama nyuma yake, mswaki mfukoni.

"Si zimelingana?"

"Zimelingana na faili aliloleta yeye. Mtu akija na mkoba hapa, akakwambia ndani kuna shati jekundu, ukafungua ukalikuta, umejua nini? Umejua kuna shati. Hujajua mkoba ni wa nani."

"Lakini anaongea vizuri."

"Ndiyo hayo sasa. Tangu lini mtu wa kampuni hii akaongea vizuri?"

Kilichomkereketa zaidi, na alikigeuza kichwani huku akiwapimia kina mama wa kwanza, ni lile neno udhuru. Kilwa udhuru una jina. Mtu kaumwa, kafiwa, kaoa, kafungwa, kaenda kuuguza, na mwenye kukupa habari anakupa na jina la hospitali. Udhuru usio na jina Batuli hakuwahi kuuona. Mtu anayefanya kazi meza moja na Fidelis angeujua, na angeutaja. Asiyeujua ndiye angesema mambo binafsi.

Akampigia Fidelis. Simu imezimwa. Akapiga namba ya mezani ya ofisi kuu, ambayo ilikuwa imekufa tangu barabara ya mbele yao ichimbwe, nayo ilikuwa bado imekufa. Bosi naye kumpigia kulikuwa kujisumbua, maana habari yoyote yenye neno kompyuta aliijibu kwa kusema mwulize Fidelis.

Basi akangoja, na kwa kuwa hakuweza kungoja mikono mitupu, akaendelea kupekua. Fidelis alisema kompyuta hutoka dukani imefundishwa kuwaamini wakubwa wa dunia. Akawatafuta, akawapata. Orodha ilikuwa ndefu, unashusha na kushusha, majina ya makampuni ya nchi ambazo nyingine hakujua ziko upande gani wa bahari. Hawa wote kompyuta iliwaamini bila kuuliza, na haikumwamini bosi aliyeinunua. Batuli akacheka peke yake. Akataka kujua nani aliwaleta hao, na aliyewaleta yeye aliletwa na nani, na akienda nyuma, nyuma, nyuma, yuko nani mwanzoni kabisa ambaye watu walimwamini kwa kumtazama usoni tu. Hakuna kitufe kilichojibu hilo.

"Shikamoo, mama," alisema, maana mwanga wa mlangoni ulikuwa umezibwa.

"Marahaba." Bi Ziada aliingia, kanga imelowa maji ya pweza mpaka begani. "Mwanangu, barafu iko wapi? Wenzangu wamekaa kwenye kivuli cha ukuta na kivuli kinahama."

Batuli hakumficha. Alimweleza yote, cheti, mstari, kituo cha kusini, mtu mwenye adabu. Bi Ziada hakuwahi kugusa kompyuta na hakuwa na haja nayo, lakini alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja.

"Huyo Alex anasema ni mgeni wa nani?"

"Wa Fidelis."

"Na Fidelis unamjua."

"Namjua."

"Basi mtafute. Lakini umtafute upesi, Pazi yuko nje."

Kweli alikuwa nje. Pazi alikuwa amesimamisha baiskeli yake yenye masanduku mawili ya barafu upande wa pili wa barabara, hasemi neno, anapunga kofia. Kina mama walianza kumtazama. Mmoja akainuka kabisa, akashika beseni lake, Bi Ziada akamwita kwa jina, akakaa. Batuli aliyaona hayo dirishani. Aliogopa, aliogopa kwelikweli. Kidole kilimwasha kubonyeza "endelea". Kama Alex ni wa kweli, lori lingeshakuwa linawasha moto sasa hivi.

"Batuli," alisema Mzee Huseni, na safari hii aliongea kwa upole, "ukikosea kwa kungoja, pweza wanaoza. Ukikosea kwa kubonyeza, pweza wanaoza. Tofauti iko wapi?"

"Nikikosea kwa kungoja, jioni wataniona nimekosa, na Pazi atawanunua wawili watatu. Nikibonyeza na upande wa pili pana mwizi, ataniambia lori linakuja. Nami nitatoka hapa nikawaambie lori linakuja. Watamwacha Pazi aondoke kwa sababu ya mdomo wangu."

Mzee Huseni akapapasa mfukoni. Alitoa vocha ya simu, akaiweka mezani.

Batuli akapiga tena. Safari hii iliita. Ikaita sana, kisha ikapokelewa na mwanamke mwenye sauti iliyochoka.

"Nani mwenzangu?"

"Batuli, wa Kilwa, tunafanya kazi na Fidelis. Naomba kuongea naye."

"Mimi Debora, dada yake. Fidelis yuko na wanaume huko nje, wanarudi kutoka kuchimba kaburi. Mama yetu amefariki, dada. Juzi usiku. Simu iliishiwa chaji, tumetoka kuichukua kwa mwenye jenereta sasa hivi. Marehemu bado yuko ndani. Tunamtoa mchana huu."

Nyuma ya sauti yake kwaya ilikuwa inaimba.

Batuli alisema inna lillahi, akasema poleni, akasema jamani poleni sana, na uso ulimwiva kwa aibu. Yupo anayezika mama yake, na yeye anatafuta tarakimu. Akafunika simu kwa kiganja, akamgeukia Bi Ziada. "Kafiwa na mama yake. Nakata."

"Ukate? Wewe si mtani wake?"

"Ni mtani."

"Sasa msiba wa mtani mtu anakata simu? Wengine wote wana haki ya kukaa kimya. Wewe huna." Bi Ziada akavuta kiti, akakaa. "Mwite."

Batuli akamwomba Debora amwite. Alisikia nyayo, kikohozi, kisha "Haloo" moja kavu ambayo hakuitambua. Alimpenda yule mtu, na alikuwa hajawahi kumsema vibaya huku akimhurumia.

"Nani kakuruhusu kushika simu, wewe Mmakonde?" alisema. "Nasikia mnataka kutoa jeneza. Lisitoke. Mimi Mmwera sijafika, na huyo mama hajafa, namjua. Kachoka kuchota maji huko kwenu juu kusiko na kisima, kajilaza ili akachote mwingine. Mwinamieni mumwambie maji yameshaletwa nyumbani, muone kama hajainuka."

Upande wa pili kikaja kishindo cha pumzi, na Batuli hakujua kama ni kicheko au kilio mpaka vilipochanganyika akasikia kwamba ni vyote.

"Umechelewa, Mmwera," alisema Fidelis.

"Nimechelewa kwa sababu njia yenu imejaa panya mliowasahau kula."

Hapo alicheka sawasawa. Akamwambia ngoja, ngoja, akawaita dada zake na mjomba wake, akamtaka arudie yale ya maji. Batuli akarudia, kwa sauti kubwa zaidi, na akaongeza kwamba atalala mlangoni asipite mtu. Alisikia wanawake wakicheka huku wakilia, na mzee mmoja akisema kwa Kimakonde neno ambalo hakulielewa ila lilikuwa na jina la Wamwera ndani yake, nalo halikuwa la sifa. Alifurahi kulisikia.

"Hapa hapana mtani hata mmoja," alisema Fidelis aliporudi. "Wamekuja watu wa kanisa, watu wazuri, wote wananipa pole. Tangu juzi nimeshiba pole." Akavuta makamasi. "Lakini hukupiga kwa ajili ya mama yangu. Hukujua. Umepigia cheti."

"Nimepigia cheti," alisema Batuli. Kumdanganya siku ile asingeweza. "Kakileta mtu anaitwa Alex. Ana adabu sana."

"Alex yupo, nilimwachia kazi. Ila kama alichokuletea ndicho nilichomwachia, mimi na wewe hatujui mpaka tusome. Mstari ninao humu kwenye simu. Nilijiandikia kabla ya kupanda basi, nilijua nina Mmwera Kilwa ambaye hataamini kitu. Nilipotaka kukutumia, simu ikazima."

"Fidelis, ukazike kwanza."

"Waimbaji bado wana beti nyingi. Kaa mbele ya mashine."

Kwa hiyo wakasoma. Simu ya Fidelis ilikuwa hiyohiyo moja, kwa hiyo ilimbidi aitoe sikioni, atazame, airudishe, aseme, aitoe tena. Katikati ya kila mbili na mbili, Batuli alisikia kwaya. Nje mama mmoja wa Kisiwani alianza kulalamikia jua, Bi Ziada akatokeza kichwa dirishani akasema kuna mtu anamzika mama yake na bado anatufanyia kazi yetu. Wote wakanyamaza, hata waliokuwa wanabishana kuhusu beseni. Pazi naye, bila kuelewa kitu, akashusha kofia.

"Tisa, F ya Fidelis."

"Ndiyo."

"Nne, moja."

"Ndiyo."

"D ya Debora, sita."

"Ndiyo."

"B ya Bertha," alisema Fidelis, na hakuendelea.

Batuli alikuwa na kidole juu ya kioo cha kompyuta, chini ya B. Hakujua jina la yule mama mpaka dakika ile. Mzee Huseni, aliyekuwa akifuatilia begani kwake, alivua kofia yake. Kwaya ikamaliza ubeti, ikaanza mwingine.

"B ya Bertha," alisema Batuli, "iko hapa kwangu. Imekaa mahali pake. Inayofuata?"

"Nane."

"Ndiyo."

Walimaliza. Zote zilikuwa zilezile. Fidelis akasema sasa kiweke, Mmwera, halafu uniache nikazike, na kama utaniletea pweza wa arobaini asiwe yule mliyeshindwa kumuuza. Akakata kabla hajajibiwa.

Batuli akarudi kwenye mipangilio, kwenye usalama, kwenye orodha ya vyeti vinavyoaminika. Akaongeza kile kipya, akafuta cha zamani, akafunga Pima na kuifungua upya. Haikuuliza neno. Taarifa ya asubuhi ikaondoka na majina yote ya kina mama, na jibu likarudi: imepokelewa. Alitoka nje akawaambia lori linatoka. Alisema mara moja tu, kwa sauti ya kawaida, na hakuna aliyemwuliza ana hakika gani. Pazi akapanda baiskeli yake.

Simu ililia akiwa bado mlangoni. Ilikuwa ile namba ngeni ya asubuhi.

"Dada Batuli, taarifa imetufikia. Lori limeshatoka getini, litakuwa kwako jioni, nawe weka pweza kivulini mpaka hapo. Nashukuru sana kwa kuniamini."

"Sikukuamini wewe. Nimemwamini Fidelis." Hakusema kwa ukali, alitaka kujua tu. "Ulijua kwamba kafiwa na mama yake?"

"Nilijua, dada. Niliona ni jambo lake. Sikutaka kukutia huzuni asubuhi na kazi."

"Ungeniambia kafiwa, ningekuamini palepale. Mwizi wa cheti angeujulia wapi msiba wa Newala?"

"Sikulifikiria hivyo."

"Umempigia?"

"Bado. Tulionelea hapa ofisini tumpe nafasi kwanza."

"Nafasi anayo," alisema Batuli. "Mama yake kamwachia."

Alex alipojibu, ile sauti ya mtangazaji ilikuwa imemtoka yote, na Batuli akasikia kwamba alikuwa kijana tu, aliye mbali na kwao.

"Dada, nikimpigia, nianzeje?"

"Anza na pole," alisema Batuli. "Matusi niachie mimi."